Anza na wa akompa: namna ya kumpima kijana wa gitaa Dilala

Siku hizi Kolwezi hakuna kitu kinachopatikana kirahisi kama sifa za mpiga gitaa. Kijana wa Dilala akishika gitaa la umeme, akakimbiza vidole kwenye nyuzi nyembamba kwa muda wa kumeza mate, watu wameshasimama. Harusini, aliyepokea mshahara wa mgodi juma hilo anajongea mbele na kumbandika noti kwenye paji la uso. Kanisani akina mama wa kwaya wanapiga vigelegele. Kabla giza halijaingia, video imeshapita simu za Manika na kufika Kapata, na kijana amebatizwa upya: Maestro, Jenerali, Profesa. Kulikuwa na zama ambapo ukisema "Dokta" katika gitaa la Kongo, wote walijua unamtaja Nico Kasanda, na walijua kwa nini. Leo kila parokia ina Dokta wake, na baadhi ya madokta hao bado wanakaziwa nyuzi na wenzao.

Sisemi kwamba vijana hawana kipaji. Wenye kipaji wapo, tena si haba, ila sifa haziwafikii, kwa sababu masikio yetu yamezoea kugeukia upande wenye kelele. Machimboni mgeni huokota jiwe la kijani, malakiti inayong'aa, akadhani ameukata. Mnunuzi wa soko la madini la Musompo hashtuliwi na rangi, anaweza kuliinamia jeusi lisilo na sura, la kobalti, na kwa vyovyote vile hatoi faranga mpaka jiwe lipite kwenye metorex, kile kifaa cha kupimia madini. Gitaa halina metorex. Tuna masikio, nayo yanafundishika.

Tena kuna biashara ndani yake. Muziki wetu unajua mabanga: jina la tajiri linatajwa katikati ya wimbo, na tajiri analipia kutajwa. Msikilizaji aliyekulia katika sifa za kununuliwa hashangai kusikia sifa za bure zikimwagwa ovyo. Anaona ni adabu tu, kama kumpa mgeni kiti. Ubaya ni kwamba kijana wa miaka kumi na saba hajui kutofautisha adabu na hukumu. Akiambiwa amefika, anasimama hapo alipofika.

Basi nina shauri moja, na mengine yote katika mwongozo huu yanatoka humo. Ukitaka kujua kama kijana ana kipaji, usianze na anayepiga solo. Anza na anayepiga akompa.

Kazi ya wa nyuma

Bendi ya rumba, na siku hizi bendi ya kanisa vilevile, humgawia kila mpiga gitaa kazi yake. Solo iko juu, inaimba. Misolo inakaa katikati, inaijibu solo na kuifunga na wengine. Akompa inashika mwendo, na besi inabeba wote. Wimbo ukifika kwenye sebene, pale maneno yanapokoma na miguu inapoanza kazi, solo ina ruhusa ya kwenda inakotaka. Akompa haina ruhusa hiyo. Itarudia kipande kilekile kifupi dakika tano, dakika nane, mpaka atalaku, yule anayepaza sauti kuchangamsha wachezaji, aishiwe pumzi. Hapo ndipo pa kutega sikio, kwa sababu hapo mtu hana pa kujificha.

Sikiliza kwanza nafasi iliyopo kati ya sauti na sauti. Mpiga wa kawaida atakuwa sawa dakika ya kwanza. Ya tatu ataanza kukimbia, kwa kuwa ngoma zimechangamka na moyo wake nao umechangamka. Ya tano mkono wa kulia umechoka, na zile sauti ndogo za katikati, ambazo ndizo zinazofanya kipande kizunguke, zimemezwa. Mwenye kipaji hubaki palepale. Lakini hatulii kama mashine. Anaegemea nyuma ya ngoma kidogo, kwa kiasi ambacho huwezi kukionyesha kwa kidole, na watu wanacheza kwa mabega bila kujua nani amewaamrisha. Programu ya mdundo iliyo kwenye simu inaweza kurudia kipande hicho mpaka asubuhi bila kukosea. Kuegemea haiwezi.

Kisha sikiliza jinsi sauti zinavyonyamaza. Hili watu wengi hawalijui, hata baadhi ya wapigaji. Kijana aliyesifiwa mapema huacha kila uzi uvume mpaka unyamaze wenyewe, kwa hiyo sauti zake zinarundikana juu ya sauti ya mwimbaji kama moshi jikoni. Aliyefundwa na sikio lake hulegeza kidole cha kushoto mara tu sauti imemaliza kazi yake. Sauti inakatika, panabaki ukimya mdogo sana, na maneno ya wimbo yanapita humo. Ukijikuta unasikia maneno vizuri kuliko ulivyotarajia, na spika ni zilezile mbovu, geuka umtazame wa akompa. Kazi hiyo ni yake, wala hakuna atakayemshukuru.

Jaribio ninalolipenda zaidi halihitaji kupangwa, maana litakuja lenyewe: subiri mwimbaji akosee. Kwaya huruka ubeti, kiongozi huongeza haleluya pasipo pake, au mchungaji anaamua kusema neno katikati ya kiitikio. Wa solo mara nyingi hajui, anajisikiliza. Wa besi anashtuka. Wa akompa mzuri ameshageuka pamoja na mwimbaji, na ukimtazama uso utaona hata hakukunja kipaji. Amekuwa akimsikiliza mwenzake tangu mwanzo wa wimbo. Kijana wa namna hiyo, hata kama bado anajua mikao minne tu ya vidole, andika jina lake mahali.

Historia inaniunga mkono. Mwanzoni mwa 1960 Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz walikwenda Brussels wakati wa ule mkutano wa meza ya duara uliopanga uhuru wa Kongo, na hukohuko wakaleta Indépendance Cha Cha. Kila anayeuzungumzia wimbo huo humtaja Nico kwenye solo. Pamoja naye alikuwa kaka yake, Charles Mwamba, aliyejulikana kwa jina la Déchaud, kwenye akompa, na baadaye wakaendelea pamoja hadi bendi ya African Fiesta. Chukua rekodi yoyote ya ndugu hao wawili, jilazimishe kumsahau Nico, umfuate Déchaud kuanzia mwanzo hadi mwisho. Si kazi rahisi, sikio litakutoroka mara kadhaa. Ukifanikiwa utagundua kwamba mdogo mtu anaweza kuchelewa, kuruka na kunyamaza anavyopenda kwa kuwa kaka mtu hajaondoka mahali pake hata mara moja. Udokta ulikwenda kwa mdogo. Sina kinyongo nao, aliustahili, ila nusu ya dawa ilikuwa mfukoni mwa kaka.

Gumba la Bunkeya

Najua mtu ataniuliza: mbona unatupeleka Kinshasa na Brussels, Katanga haina chake? Inacho, na ni cha zamani. Jean-Bosco Mwenda alikuwa mwana wa Bunkeya, mji wa Bayeke ambao leo umo katika jimbo hili letu la Lualaba. Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya sasa, Bosco alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Kijana, kwa kipimo chochote. Wimbo wa Masanga ulitoka katika kazi hiyo na kusambaa hadi Afrika Mashariki na Kusini. Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft aliandika katika jarida la African Music uchambuzi wa namna Bosco alivyokuwa akibuni papo hapo kwenye gitaa. Mwaka 1969 Bosco alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki katika ajali ya barabarani nchini Zambia mwaka 1990.

Kazi yote hiyo aliifanya kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, na gitaa lisilo na umeme. Gumba lilikuwa besi na akompa, cha shahada kilikuwa solo, na vyote vilikuwa mkono mmoja. Ndiyo sababu wasikilizaji wengi wa nje hukosea wakitaka kumpigia makofi: wanafuata cha shahada, ambacho huingia mahali mguu hautarajii, na wanapoteza gumba, ambalo ndilo linaloshika ardhi. Mpenzi wa gitaa wa Katanga hufuata gumba.

Hapa basi ndipo kipimo kinakuwa kilekile hata kijana akiwa peke yake uani bila bendi. Mwambie apige wimbo wowote anaoupenda, na wewe usisikilize utamu wa juu. Shuka chini. Je, gumba linatembea? Au linasimama kila mara cha shahada kinapopata kazi ngumu, kama mtu anayeshindwa kutembea na kutafuna kwa wakati mmoja? Vijana wengi wanaoitwa maestro wana gumba la namna hiyo, linalopumzika kwenye sehemu ngumu na kurudi kwa nguvu kwenye nyepesi. Kwenye video fupi hutaligundua, kwa sababu huyo aliyeipiga video ameelekeza simu kwenye vidole vya kushoto, vinavyochezacheza.

Lipo jaribio la zamani lisilo na gharama. Wakati wa akina Bosco, Edouard Masengo na Losta Abelo, wimbo wa gitaa uliweza kusindikizwa na mtu mmoja anayegonga chupa, na magharibi mwa Kenya, kwa wapigaji kama George Mukabi, chupa ilikuwa karibu sehemu ya gitaa lenyewe. Tafuta chupa tupu na msumari. Mtu agonge mwendo mmoja, wa kawaida kabisa, kijana aingie. Wakishazoeana, mpe mgongaji ishara anyamaze, kijana aendelee peke yake kwa muda wa mizunguko kadhaa, mgongaji akihesabu moyoni. Kisha chupa irudi. Kama gitaa na chupa vinakutana, una mtu mbele yako. Kama vimepishana, usimkaripie, wengi hupishana mara ya kwanza. Mtazame anavyopokea. Anayecheka na kusema "tena!" ana safari mbele. Anayemlaumu mgongaji ameshaharibiwa na sifa.

Na tusidanganyane kuwa zamani hapakuwa na sifa za biashara. Bosco alipokuwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 aliimba matangazo ya dawa ya Aspro, na Masengo aliitangazia Coca-Cola. Pesa na umaarufu vilikuwepo. Tofauti ni kwamba Aspro walimtafuta baada ya gumba kuiva.

Nusu mwendo

Wepesi ndio unaodanganya watu wengi, na sababu yake ni ya kimaumbile kabisa. Sauti zikipita kwa kasi kubwa, sikio halipati muda wa kupima urefu wa kila moja wala nguvu yake. Linahesabu wingi tu. Sauti iliyokatwa kabla ya wakati, iliyogongwa ovyo, iliyokosewa na kufunikwa na inayofuata, zote zinaingia katika hesabu kama sauti nzima. Basi mwombe kijana akupigie kipande kilekile alichosifiwa nacho, kwa nusu ya mwendo.

Wengine watakuambia: "Baba, hapo utamu unapotea." Ni kweli, kwao unapotea, maana utamu wote ulikuwa ni kasi. Mwingine atapiga pole pole na ghafla utasikia kwamba ndani ya kile kipande kulikuwa na mstari wa kuimbika, wenye mwanzo na mwisho, na kwamba sauti moja katikati ameiweka makusudi dhaifu ili inayofuata ing'ae. Zaidi ya hapo, mwenye kipaji hupata hamu akipunguza mwendo. Ataanza kuchezea kitu, atabadilisha kidole, atasahau kwamba upo.

Mwendo wenyewe si dhambi. Mpiga solo Diblo Dibala aliitwa "Machine Gun" na alistahili jina, kwani katika kasi ile kila risasi ilisikika peke yake. Ninachokataa ni mvua ya mawe inayoitwa bunduki.

Kuna siku SNEL, shirika letu la umeme, hukusaidia kupima bila kukusudia. Bwawa la Nzilo liko karibu nasi, maji ya mto Lualaba yanazungusha mitambo, umeme unapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, na mtaani unakatika katikati ya harusi. Vifaa vyote vya kupambia sauti vinakufa kwa pamoja: mwangwi, ule mkwaruzo mtamu, na urefu wa sauti ambao haukuwa wa kidole bali wa mashine. Wapigaji wengi huweka gitaa chini na kwenda kutafuta soda. Kaa. Pengine mmoja atabaki na gitaa mapajani, ataendelea kupiga kwa sauti ndogo, na watoto watamzunguka. Mara nyingi si yule aliyebandikwa noti.

Kuiga na kuwa

Kijana kumwiga mkubwa wake si kosa, ni shule. Hakuna njia nyingine ya kuingia katika kazi hii. Lakini msikilizaji wa Kolwezi ana tabia ya kutoa sifa ya juu kabisa kwa kusema "anapiga kama fulani", na hapo hukumu inaishia. Mimi huanzia hapo. Kama anapiga kama fulani, mwambie ahamishe wimbo: mwimbaji mwingine, sauti ya chini zaidi, labda mwanamke mwenye sauti nzito. Aliyekariri ataanguka, maana alikariri mahali pa vidole. Aliyeelewa ataupata wimbo mahali papya, na njiani atalazimika kufanya uamuzi ambao fulani hakuwahi kuufanya. Uamuzi huo mdogo, hata ukiwa mbaya, ndio sauti yake ya kwanza ya kweli. Usiuache upite bila kumwambia umeusikia.

Jambo jingine la kutazama: kipande kile kikirudi mara ya pili, kimebadilika? Rycroft hakuandika kurasa zote zile kwa sababu Bosco alijua kurudia. Aliandika kwa sababu kila mzunguko ulikuwa na tofauti ndogo, na tofauti hizo zilikuwa na mpango. Kijana wa kawaida ana njia mbili tu, ama anarudia kama muhuri wa ofisi, ama anabadilisha kila kitu kwa sababu amechoka. Mwenye kipaji hubadilisha sauti moja. Wewe msikilizaji utahisi kitu kimegeuka bila kujua nini, na utataka mzunguko mwingine.

Nitasema neno moja kuhusu karindula, maana wapo wanaodhani gitaa la umeme tu ndilo linalopimika. Chombo hicho kikubwa cha Katanga, pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi na kufungwa nyuzi nne, hakina nafasi ya mapambo. Watoto wengi hukipitia kabla ya kumiliki gitaa. Ukimkuta kijana anayeshika umati kwa karindula, kwa nyuzi nne na mzunguko mmoja, ameshafaulu nusu ya mtihani wa akompa bila kujua kwamba ni mtihani.

Visivyohesabika

Bei ya gitaa haihesabiki, kwa upande wowote. Ghali halimpi mtu sikio. Na gitaa la kopo lenye nyuzi za waya wa breki, ambalo wageni hupenda sana kulipiga picha, halithibitishi kipaji bali linathibitisha umaskini. Mtoto wa gitaa la kopo anastahili kupimwa kwa ukali uleule, la sivyo tunampa huruma kwa jina la sifa, naye atakuja kuligundua akifika mbele ya watu wasiomhurumia.

Idadi ya waliotazama video haihesabiki. Mavazi hayahesabiki, ingawa nakiri koti zuri hunilegeza. Kuwa wa kanisa letu au wa kabila letu hakuhesabiki, na hapa Dilala, ambako watu wametoka Kasai, Bunkeya, Sandoa, Dilolo na kwingineko kufuata shaba, ni kishawishi kikubwa kuliko vyote. Sikio lina ukoo, lichunge.

Umri nao. Wazee wenzangu wana ugonjwa wao, unaofanana na ule wa vigelegele ila umegeuzwa: kwao hakuna aliyepiga gitaa tangu shirika la madini la Gécamines lilipokuwa na nguvu. Wanasema hivyo wakiwa wameketi mbali na jukwaa, wameelekeza kiti kwenye bia. Kumbuka miaka 22 ya Bosco. Anayekataa kuwasikiliza vijana kwa sababu ni vijana hana haki ya kulalamika kwamba wanasifiwa na wasiojua kusikiliza.

Na mabinti. Kanisani binti hupewa maikrofoni, hapewi gitaa, na akilishika kila mtu hutabasamu kana kwamba amevaa kofia ya baba yake. Tabasamu hilo ni sifa ya bandia kama zile nyingine, tena mbaya zaidi, kwa kuwa linamsifu kwa kuthubutu ili lisilazimike kumsikia. Mgongee chupa kama unavyowagongea kaka zake.

Namna ya kusifu

Sipendekezi ubahili. Kijana asiyesifiwa kabisa huacha gitaa na kwenda kuchimba, na nani atamlaumu, machimbo yanalipa jioni hiyohiyo. Ila sifa iwe na anwani. "We ni moto" haina anwani; inaweza kupelekwa kwa mtu yeyote aliyesimama jukwaani. Mwambie badala yake: kwenye ubeti wa tatu, mama alipochelewa kuingia, ulimngojea, nilisikia. Kijana atakutazama kwa mshangao, kwani alidhani hakuna aliyesikia. Kesho yake atangojea vizuri zaidi, na mwenzake aliyekuwa karibu atajiuliza kungojea ni kitu gani.

Usimkuze mtu kutoka akompa kwenda solo kama zawadi. Bendi nyingi hufanya hivyo: kijana akipiga nyuma vizuri kwa mwaka, wanampandisha mbele, kama vile nyuma kulikuwa jela. Matokeo yake nyuma hubaki wanafunzi tu, na mbele hujaa watu ambao hawana tena wa kuwashikia ardhi. Muulize mwenyewe anataka kukaa wapi. Wengine watakuambia wanapenda palepale walipo, na ukiwasikiliza utaelewa kwa nini.

Tena mwache akae muda mrefu bila cheo. Cheo kikija, kitoke kwa wapigaji wenzake, si kwa mshangiliaji wa harusi. Wapigaji hujuana. Nenda kwenye mazoezi ya bendi yoyote, siku ya kati ya juma ambapo hakuna umati wala mavazi, utazame ni nani wanayemgeukia nyuzi zikikataa kupatana, na nani wanayemsubiri kabla ya kuanza. Mara nyingi huyo amekaa nyuma, karibu na ngoma, na gitaa lake ndilo lenye rangi iliyobanduka.

Kuhusu pesa, desturi ya kubandika noti sitaiondoa mimi, na sherehe bila hiyo ingekuwa kavu. Lakini noti ya paji la uso huishia kwenye bia ya usiku huo. Nyuzi hukatika, na seti nzima si rahisi kwa kijana asiye na kazi, hivi kwamba wengi hupiga miezi wakiwa na uzi mmoja uliofungwa fundo. Nunua seti. Siku ya harusi ijayo pita kando ya jukwaa wakati wa mapumziko, uliza nani anapiga akompa, umpe mkononi, na umwambie ni kwa ajili ya kile kipande cha sebene ya pili. Wa solo usimwonee huruma, foleni yake imeshajipanga.